Kitshanga: baba akiwa vitani mbali, mtoto wa askari anabaki kwa nani?

Katika shule za Kitshanga, usultani wa Bashali, kuna swali ambalo mwalimu mwenye busara haulizi tena mbele ya darasa: «Baba yako anafanya kazi gani?» Mtoto ambaye baba yake ni askari wa FARDC anajua kwamba jibu la kweli linaweza kuleta matatizo nyumbani. Atasema baba alienda kutafuta maisha, upande wa Walikale kwenye madini, ama Goma. Wenzake wataelewa, na watanyamaza.

Hofu hiyo ina historia. Mji huu ulioko kwenye barabara ya Sake kwenda Mweso umepitiwa na majeshi mengi. Mwanzoni mwa mwaka 2013, askari wa serikali na wapiganaji wa APCLS walipigana katikati ya mji, nyumba nyingi zikateketea. Mwezi Januari 2023 waasi wa M23 waliuteka. Mwaka huo huo walikuja askari wa Burundi, chini ya kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwezi Oktoba Wazalendo waliingia, na kabla ya mwezi kuisha M23 walikuwa wamerudi. Kila mara bendera inapobadilika, wanaoandamwa ni wale waliojulikana kuwa karibu na upande ulioondoka. Bibi wa askari ni wa kwanza kwenye hesabu hiyo, na watoto wake wanamfuata.

Kuna jambo lingine ambalo raia wa Kitshanga hawalifikirii sana. Kwa mtoto wa Ngozi au wa Muyinga ambaye baba yake aliletwa hapa mwaka 2023, Kitshanga ndiyo ng'ambo. Ni jina analolisikia kwenye redio usiku, akijaribu kuelewa kama ni mlima, mji au pori. Ni hivyo hivyo kwa mtoto wa Tanzania, wa Malawi au wa Afrika Kusini ambaye mzazi wake alikuja na kikosi cha SADC, kilichoanza kuingia Desemba 2023 na ambacho wakuu wa nchi waliamua kukiondoa Machi 2025. Mapigano ya kuelekea Goma, mwezi Januari 2025, yaliua askari 14 wa Afrika Kusini. Miili yao ilirudishwa kwao katikati ya Februari na kupokelewa kwa heshima za kijeshi, familia zikiwa pale. Huko bunge liliuliza maswali makali, magazeti yakaandika majina, watu wakabishana kama askari wao walikuwa na silaha za kutosha. Hakuna kilichofuta machozi ya wale watoto. Lakini angalau waliambiwa baba amefia wapi, na siku ya kumzika ilijulikana.

Je, mtoto wa askari Mkongomani anaambiwa nini?

Mara nyingi habari inafika kwa simu ya rafiki wa kikosi, tena simu inayokatika. «Tulikuwa naye asubuhi, jioni hatukumwona.» Baada ya hapo ni kimya. Mama hawezi kusema yeye ni mjane, maana hakuna karatasi ya kifo. Hawezi kusema bwana yuko hai, maana namba haipiti. Sheria ya Januari 2013 kuhusu hali ya mwanajeshi wa FARDC inazungumzia haki za mjane na yatima, lakini njia ya kuzifikia inaanzia kwenye ile karatasi. Kwa familia ambayo baba hajulikani aliko, mlango umefungwa, na hakuna anayesema ufunguo uko wapi.

Kuna pia swali la mshahara. Kwa miaka mingi pesa ya askari ilikuwa inapita mikononi mwa makomanda, na nyingine ilibaki humo humo. Ujumbe wa Umoja wa Ulaya, EUSEC, ulisaidia kuhesabu askari, kuwapa kadi, na kutenganisha wanaotoa amri na wanaolipa. Baadaye malipo yakaanza kupitia benki. Ilikuwa hatua kubwa, lazima ikubalike. Mwezi Machi 2025, Rais Tshisekedi aliamuru mishahara ya askari na polisi iongezwe mara mbili. Kinshasa walipiga makofi. Lakini wakati huo benki za Goma zilikuwa zimefungwa tangu mji ulipotekwa mwishoni mwa Januari, na mama aliyebaki huku alikuwa ameshazoea kuona mshahara unaishia mahali ambapo hafiki. Akaunti iko kwa jina la bwana, kadi iko mfukoni mwa bwana, na bwana hajulikani yuko Walikale, Kisangani au kaburini.

Hapo ndipo serikali inaweza kufanya kitu bila kungoja amani. Askari anapoandikishwa, aulizwe jina la mtu anayelea watoto wake, na sehemu ya mshahara iende kwa mtu huyo moja kwa moja, kwa M-Pesa au Airtel Money, namba isiyobeba cheo wala kikosi. Mama anayeuza ndizi sokoni anapokea pesa kwa simu kila siku, hakuna anayeshangaa. Hili lilipaswa kufanywa zamani, hata kabla ya Novemba 2022, wakati Rais alipowaita vijana wajiunge na jeshi. Vijana wengi wa Kivu ya Kaskazini waliitikia. Wengine walipelekwa kufundishwa Kitona, karibu na bahari ya Atlantiki, upande mwingine kabisa wa nchi. Kwa mtoto wa Masisi, Kitona na ng'ambo ni kitu kimoja. Baadhi ya vijana hao tayari walikuwa baba. Wengine walikuwa mama, maana jeshi lina wanawake pia, ingawa watu wanapozungumza juu ya familia ya askari wanasahau kwamba anayevaa buti anaweza kuwa mama, na anayebaki na mtoto mchanga akawa bibi mzee.

Wako watakaosema kwamba familia za askari si za kuhurumiwa kuliko wengine. Mji una wakimbizi waliopita kwenye kambi za Mungote na Kahe, walipoteza mashamba, hawana mshahara wa mtu yeyote wa kungoja. Tena wako wazazi walioporwa na askari hao hao, kwenye vizuizi vya barabarani au shambani. Malalamiko haya ni ya kweli. Lakini mtoto wa darasa la tatu hakusimama kwenye kizuizi, na hakuchagua nguo ambayo baba yake anavaa, iwe ni ya FARDC, ya Wazalendo au ya M23. Wote watatu wanaweza kukaa kwenye benchi moja Kitshanga, na kila mmoja ana sababu yake ya kudanganya kuhusu baba.

Ndiyo maana msaada unaofaa hapa hauwezi kufanana na ule wa nchi zenye utulivu. Katika nchi hizo, kambi ya jeshi ina ofisi ya familia, ina mshauri, ina orodha. Hapa orodha ya watoto wa askari ni hatari. Ikiangukia mikono mibaya inakuwa orodha ya nyumba za kutembelewa usiku. FARDC wana idara, SECAS, inayoshughulikia elimu ya uraia na mambo ya kijamii ya askari. Kazi yake kwa familia inawezekana Kinshasa au Kisangani. Kitshanga haiwezi kufungua mlango.

Basi anayebaki ni jirani. Mwalimu anaweza kumwona mtoto aliyeacha kucheza, anayesinzia darasani, au anayepigana kila wanapokwenda kupumzika, na kumsogeza karibu bila kumuuliza baba yuko wapi. Parokia na makanisa ya Kiprotestanti yanaweza kuandaa kikundi cha watoto ambao mzazi mmoja hayupo, bila kutafuta sababu: aliyekufa, aliye kwenye madini, aliyekimbia, aliye vitani, wote pamoja. Mtoto wa askari ataingia humo bila kunyooshewa kidole. Akina mama wenye likelemba wanaweza kumruhusu mwenzao aliyekwama achukue zamu ya mbele mwezi ambao pesa haikufika. Elimu ya msingi ni ya bure tangu Septemba 2019, lakini daftari na viatu havikuwekwa kwenye bure hiyo, na ni hapo mtoto anapoanza kukosa shule.

Kuhusu habari za mzazi, iko njia ambayo familia nyingi hazijaijaribu, labda kwa kudhani inahitaji pesa au mtu wa kukujulisha. Msalaba Mwekundu unapokea na kupeleka ujumbe wa familia bila malipo. Ni karatasi iliyo wazi, inayoandikwa habari za nyumbani tu: nani ni mgonjwa, nani amezaliwa, mtoto amepita darasa. Siasa na mambo ya jeshi hayaruhusiwi, na ndiyo maana karatasi hiyo inaweza kuvuka mstari wa vita. Kamati ya kimataifa ya shirika hilo inatembelea pia wafungwa, na inapokea maombi ya kutafuta watu waliopotea. Ndiyo iliyosindikiza, kuanzia tarehe 30 Aprili 2025, mamia ya askari na polisi walionyang'anywa silaha, pamoja na familia zao, kutoka kituo cha MONUSCO cha Goma hadi Kinshasa, kwa makubaliano ya pande zote. Pande ambazo haziwezi kukaa chumba kimoja ziliweza kukubaliana juu ya hilo.

Wanaojadiliana Doha na Washington wanazungumza juu ya wafungwa, mipaka na madini. Kwenye meza hizo ombi la Kitshanga ni dogo: majina ya waliokufa na walioshikwa yatolewe na kila upande, yafike kwa familia kimya kimya, nyumba kwa nyumba, kupitia wale wanaoaminiwa na wote. Mama aliyepata jibu, hata likiwa baya, anaweza kwenda kuomba karatasi yake na kuwaambia watoto. Kwa sasa bado anawaambia kwamba baba yuko safari, na yule mkubwa, ambaye ameshafika darasa la sita, hamuulizi tena.