Kiharusi: Siku ya tatu ndiyo ya kuogopwa Garsen

MGONJWA wa kiharusi anapoamka siku ya pili, akawatambua wanawe na kuomba maji, jamaa humshukuru Mungu na kuanza kuulizia siku ya kurudi nyumbani. Kwa mgonjwa ambaye kiharusi kimeshika sehemu kubwa ya ubongo, huo ndio wakati ambao hatari kubwa zaidi inakaribia.

Sehemu ya ubongo iliyokosa damu hufa, kisha hujaa maji na kuvimba. Uvimbe huo huongezeka taratibu, na mara nyingi hufikia kilele kati ya siku ya pili na ya tano. Kwa kuwa fuvu la mtu mzima halitanuki, ubongo ulio mzima husukumwa upande mmoja, hadi shina la ubongo linaloongoza upumuaji likabanwa. Wanaofikia hali hiyo ni wachache miongoni mwa wagonjwa wote wa kiharusi, lakini wengi wao hufa wasipofanyiwa upasuaji.

Katika Kaunti ya Tana River, swali la siku ya tatu huwa pia swali la barabara. Kutoka Garsen hadi Mombasa, iliko hospitali kuu ya rufaa ya umma ya Pwani, ni zaidi ya kilomita 200 kupitia Malindi. Makao makuu ya kaunti, Hola, yako upande wa pili kabisa, kaskazini. Mkazi wa Ozi au kijiji kingine cha Delta huenda akahitaji mtumbwi kabla hajaiona gari, na mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yalionyesha jinsi barabara ya Garsen hadi Lamu inavyoweza kukatika.

Tangu kaunti zikabidhiwe huduma za afya mwaka 2013, mjadala umeelemea majengo na mashine. Ni kweli kwamba bila picha ya CT haiwezekani kujua kwa uhakika kama mshipa umeziba au umepasuka, wala kutoa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ambayo muda wake ni saa nne na nusu tu. Hata hivyo, uvimbe wa ubongo hutoa dalili zinazoonekana bila mashine. Tatizo ni nani yuko macho kuziona saa tisa za usiku.

Kipimo cha Glasgow, kilichobuniwa mwaka 1974, hutazama jinsi mgonjwa anavyofungua macho, anavyojibu na anavyosogeza viungo, kisha humpa alama kutoka 15 hadi 3. Hakigharimu chochote ila dakika chache za muuguzi, kila saa, pamoja na tochi ya kumulika mboni za macho. Alama zikishuka mbili, au mboni moja ikiwa pana kuliko nyingine, si usingizi wa kawaida tena. Muuguzi mmoja mwenye wodi nzima ya kuhudumia hawezi kulifanya hilo ipasavyo, na hapa ndipo bajeti ya kaunti inapogusa uhai wa mtu kuliko kwenye uzinduzi wowote.

Tiba ya awali nayo ni ya kawaida: kichwa kuinuliwa kiasi cha nyuzi 30, homa na sukari kudhibitiwa, oksijeni ikipungua kuongezwa. Dripu ya glukosi isiyo na chumvi huepukwa, kwani huongeza maji ndani ya ubongo. Dawa za jamii ya steroidi hazisaidii uvimbe wa aina hii. Manitoli, au maji yenye chumvi nyingi, hunyonya maji kutoka kwenye ubongo, lakini nafuu yake ni ya muda. Humvusha mgonjwa kuelekea upasuaji, haichukui nafasi yake.

Upasuaji wenyewe ni kuondoa sehemu ya fuvu ili ubongo upate nafasi. Matokeo ya majaribio matatu ya Ulaya, yaliyounganishwa mwaka 2007, yalionyesha kwamba kati ya wagonjwa wa hadi miaka 60 waliotibiwa ndani ya saa 48, asilimia 78 ya waliopasuliwa walikuwa hai baada ya mwaka, dhidi ya asilimia 29 ya wasiopasuliwa.

Saa hizo 48 zikihesabiwa kutoka Garsen, maana yake ni kwamba mgonjwa mwenye kiharusi kikubwa hana budi kusafirishwa siku ya kwanza, angali anazungumza. Kusubiri azimie ndipo ambulensi iitwe ni kumpeleka Mombasa akiwa amechelewa.

Ugumu ni kwamba familia inaombwa kuidhinisha safari ya gharama wakati mgonjwa anaonekana kupata nafuu, tena kwa tiba inayookoa uhai bila kuahidi uzima. Katika majaribio hayo, chini ya nusu ya waliopasuliwa waliweza kutembea bila kushikwa baada ya mwaka mmoja. Kwa waliozidi miaka 60, utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2014 ulikuta kwamba wengi walionusurika walibaki wakitegemea wengine kwa mahitaji yao mengi ya mwili. Mzigo huo hubebwa na mke, binti au mkwe, nyumbani, kwa miaka. Wanastahili kuelezwa hayo kabla gari halijaondoka Garsen.