Mwenye kuchora na mwenye kulima wasikilizane

Hapa kwetu Lubumbashi kazi ya bustani iko na mafundi wawili. Kuko mwenye kuchora plani: anapanga njia, miti na maua mu parseli. Kuko na mwenye kampuni ya kulima: yeye analeta watu, majembe, lori na maji. Kazi ni moja, lakini mara mingi wanajuana tu siku ya matata.

Tunaona vile inaendaka. Plani inachorwa mu biro, mwenye nyumba anaitika bei, kisha ndiyo wanaita mkubwa wa shantie. Anafika, anakuta pale paliandikwa maua ni kichuguu cha zamani, udongo mgumu wa kufanya matofali. Majani ya pelouse wanataka ipandwe mwezi wa saba, mu kiangazi katikati, na mvua itarudia kabisa mu mwezi wa kumi na moja. Maji ya robine inakatika, majani inakauka. Mchoraji anasema walimaji hawajue kazi. Walimaji wanasema plani ni ya Ulaya. Mwenye nyumba anafunga mfuko, na kijana wa jembe anarudi kwake bila mshahara.

Kwa maoni yetu, mwenye kampuni njo anapashwa kuanza kutengeneza mambo, juu yeye njo anajua udongo. Asingoje kuitwa. Aende kumuona mchoraji mbele kazi haijapatikana, amupeleke kuangalia bustani yenye alipanda miaka mbili iliyopita, hapana ile ya jana. Bustani ya jana kila mtu anaiweza. Yenye ilipita viangazi viwili ni ushuhuda.

Akipewa plani, aisome yote mbele ya kuandika devi. Kama kuko kosa, amwambie mchoraji peke yake, si mbele ya mwenye nyumba. Kama mti fulani haupatikane ku pepinyeri, apige simu kwanza. Asiweke mwingine kimyakimya.

Wengine watasema: "Kwa nini nimubembeleze? Naenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba, nachukua kazi yote." Ndiyo, utapata parseli moja. Lakini mchoraji iko na wateja wengine, na hata siku moja hatakuita tena. Mwenye kula mbegu, atavuna nini?

Wachoraji nao wasijione wakubwa. Washuke ku shantie, wachimbe shimo mbele ya kuchora. Na mu devi waweke makuta ya kumwangilia miti mpaka mvua irudie. Nani atalipa maji? Nani atapanda tena miti yenye kufa? Hayo yaandikwe ku karatasi, wote wawili watie sahihi, mbele jembe la kwanza halijagusa udongo.