Sindano za Kichina, hijama na kioo cha simu



Kijana wa hapa Dodoma kaniuliza: Sheikh, kuna programu, unaelekeza kamera ya simu mwilini mwa mtu, nukta za kuchoma sindano za Kichina zinatokea kiooni juu ya ngozi yake. Yafaa kujifunzia, hata sisi wa hijama?

Ndugu yangu, asili ya vitu ni halali, na elimu ya tiba haina kabila. Dawa mseto unayomezea malaria asili yake ni mmea wa Kichina, na Bi Tu Youyou aliyeufuatilia hadi kwenye vitabu vyao vya kale alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Wala jambo hili si geni. Mwaka 1027 tabibu Wang Weiyi alitengeneza sanamu za shaba zenye matundu ya nukta hizo. Inasimuliwa kuwa siku ya mtihani sanamu ilipakwa nta na kutiwa maji ndani. Mwanafunzi akilenga sawasawa, maji yanatoka. Programu ya leo ni kitukuu cha sanamu ile. Tena ina kheri nyingine: mtu hujifunza bila kumvua nguo asiye maharimu wake.

Lakini sanamu ilimpima mwanafunzi mbele ya mwalimu. Simu inampa jibu. Pana nukta juu ya bega, sindano ikizama mno inaweza kutoboa pafu. Kioo cha simu hakilioni pafu hilo, wala hakijui kama huyu ana kisukari au anameza dawa za kuzuia damu kuganda.

Mtume ﷺ ametufundisha kwamba anayejitia utabibu naye hajulikani kwa utabibu, madhara ni juu yake. Video tatu na wembe hazikutoi kwenye dhamana hiyo.

Nawe mgonjwa, usitishwe na kioo. Wapo wanaokushikisha kijiti cha chuma, kompyuta ikaonyesha ini na figo kwa rangi. Wallaahi ile si picha ya figo lako! Imo humo kabla hujaingia, na mkulima wa alizeti anauza mbuzi wawili kwa ajili yake.

Nchi ina Sheria namba 23 ya mwaka 2002 na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga. Kabla hujavua shati, omba kuona cheti. Akikasirika, vaa viatu vyako uende hospitali.

Wallaahu a'lam.