Mzee anayesahau si mchawi: Masisi na Walikale zinaweza kumtuliza kwa wimbo na kazi ya mikono

Katika vijiji vya Masisi na Walikale, mambo huanza polepole. Mama mzee anauliza swali moja mara tano kabla ya jua kuzama. Anakwenda kuchota maji na kukosa njia ya kurudi, hata kama ni njia aliyoizoea tangu aolewe. Usiku anaamka, anazunguka nyumba za majirani na kuita watu waliokufa zamani. Asubuhi jirani mmoja anatamka neno linalotosha kumharibia maisha: mchawi.

Neno hilo linaua. Mwezi wa tisa 2021, katika mkoa jirani wa Kivu ya Kusini, wanawake wanane waliuawa kwa kushutumiwa uchawi, kama lilivyotangaza shirika la wanawake waandishi wa habari la mkoa huo. Huko Brazzaville, watafiti waliofuatilia wazee wenye ugonjwa wa kusahau walikuta wengine wameshtakiwa uchawi kwa sababu ya dalili zilezile za ugonjwa.

Ugonjwa huo unaitwa demensia, na Alzheimer ndiyo aina yake inayojulikana zaidi. Unaharibu ubongo kidogo kidogo: kwanza yanapotea mambo ya jana na juzi, kisha majina, njia na saa. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linasema watu milioni 57 walikuwa nao mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao wanaishi katika nchi maskini na za kipato cha kati. Dawa ya kuuponya haijapatikana.

Vita vinauzidisha mzigo huu. Mzee mwenye demensia anategemea vitu alivyovizoea: mlango wake, mti wa nje, sauti ya jirani. Masisi-kati ilipoingia mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza 2025, na Walikale-kati mwezi wa tatu, familia zilikimbia na wazee wao. Mwezi wa pili mwaka huohuo, kambi za wakimbizi wa ndani pembeni ya Goma zilivunjwa, na watu wakatakiwa kurudi walikotoka. Mtu mzima mwenye akili timamu huchoka kwa kuhamahama namna hiyo. Kwa mzee anayesahau, kila kibanda kipya ni nchi ya ugeni, na kila uso ni wa mtu asiyemjua.

Hata hivyo, kuna kitu ambacho ugonjwa huu huchelewa kukichukua. Mtu aliyesahau jina la mtoto wake anaweza bado kuimba wimbo wa utoto wake mpaka mwisho, na mikono iliyosuka vikapu maisha yote mara nyingi hukumbuka kusuka. Ndiyo maana katika nchi nyingine wazee hao hukusanywa kuchora, kufinyanga, kuimba na kutunga hadithi. Wanaita hiyo tiba kwa njia ya sanaa.

Ni vema kusema ukweli juu ya nguvu yake. Wataalamu wa mtandao wa Cochrane walipochunguza tiba ya kuchora na kupaka rangi mwaka 2018, walipata majaribio mawili tu yenye watu 60, idadi isiyotosha kuthibitisha lolote. Kuhusu muziki, walipata majaribio 22, na jibu lilikuwa zuri zaidi: inaelekea muziki unapunguza huzuni na matatizo ya tabia kwa jumla, ingawa haurudishi kumbukumbu. Kwa hiyo asitokee mtu wa kuuzia familia uponyaji. Kinachotafutwa ni mzee aliyetulia na familia iliyopumua.

Na kwa jambo hilo, Masisi na Walikale si maskini. Ilikuwa katika nchi ya Wanyanga, mwaka 1956, ambapo mzee Shé-kárisi Rureke alisimulia, akaimba na kucheza habari za Mwindo kwa siku 12, huku waliohudhuria wakimwitikia. Masimulizi hayo yalichapishwa kitabu mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, na leo yanasomwa katika vyuo vikuu vya nje. Bukavu nayo imeonyesha njia: tangu 2015, Panzi ina mpango ambamo wanawake waliobakwa wanatunga nyimbo zao na kuzirekodi kama sehemu ya matibabu. Kama wimbo unakubaliwa kwa majeraha ya vita, hakuna sababu ya kuwanyima wazee.

Wengine watasema watu wana njaa na risasi zinalia, sanaa ni anasa. Lakini kinachohitajika hapa ni mkeka, ngoma, miyaa ya kusukia, udongo wa kufinyanga na saa moja mara mbili kwa wiki. Wahudumu wa afya wa kijiji, wale RECO, wanaweza kusimamia baada ya mafunzo mafupi, kwenye uwanja wa kituo cha afya au wa kanisa. Wajukuu waje pia, kwa sababu wao ndio watakaobaki na nyimbo hizo. Mzee aimbiwe kwa lugha aliyolelewa nayo, Kihunde, Kinyanga, Kitembo au Kinyarwanda, maana mara nyingi lugha ya kwanza ndiyo hutoka mwisho. Asisahihishwe mbele ya watu, na asilazimishwe akikataa. Na wakati yuko pale, binti au mke wa mwana anayemlinda usiku na mchana apate kwenda shambani bila hofu.

Kuna onyo moja. Mzee akichanganyikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili, huenda ni malaria, maambukizo mengine au ukosefu wa maji mwilini, na hayo yanatibika. Huyo apelekwe kituo cha afya kwanza, kabla ya chumba cha maombi.

Viongozi wa maeneo ya afya wanapaswa kuliingiza jambo hili katika msaada wa kisaikolojia unaotolewa kwa waliohama. Vituo vya magonjwa ya akili vyenye ujuzi, kama Tulizo Letu ya Goma na SOSAME ya Bukavu, vinaweza kuombwa kufundisha. Machifu, wachungaji na mapadri nao wana kazi isiyogharimu hata franga moja: kutangaza barazani na kanisani kwamba kusahau ni ugonjwa. Tarehe 21 mwezi wa tisa kila mwaka ni siku ya dunia ya Alzheimer. Kijiji kitakachowaita wazee wake kuimba siku hiyo kitakuwa kimewaambia majirani wote kwamba watu hao wana wenyewe.