Ada ya piano ya mtoto wa Unguja

Mwalimu anapomwambia mzazi kwamba mwanawe ana kipaji cha muziki, swali la kwanza huwa moja: muziki utamlisha? Swali hilo si baya. Bomi na Jer Bulsara wa Zanzibar nao walikuwa na kila sababu ya kuliuliza.

Mtoto wao Farrokh alizaliwa Unguja Septemba 5, 1946. Baba alikuwa mtunza fedha wa mahakama katika serikali ya kikoloni. Alipofikisha miaka minane hivi, Farrokh alipelekwa India, shule ya bweni ya St Peter's, Panchgani. Ulikuwa mwendo wa meli, si mahali pa kurudi nyumbani kila likizo. Wenzake wakamwita Freddie.

Mkuu wa shule akagundua kuwa mtoto ana mkono wa piano. Akawaandikia wazazi: waongeze ada ili afundishwe rasmi. Wakakubali. Freddie alifanya mitihani ya piano hadi daraja la nne, na akiwa na miaka 12 alikuwa kwenye bendi ya shule, The Hectics. Hakuwa mwimbaji mkuu. Alipiga piano, mwenzake akaimba.

Alirudi Zanzibar 1963. Mwaka uliofuata yakatokea Mapinduzi, familia ikahamia Feltham, karibu na London. Kijana huyo wa miaka 17 hakukimbilia jukwaani. Alisomea usanifu wa michoro katika chuo cha sanaa cha Ealing, akamaliza 1969, akawa anauza nguo za mitumba katika soko la Kensington. Mwaka 1970 alijiunga na Brian May na Roger Taylor, ikazaliwa bendi ya Queen, naye akajiita Freddie Mercury. Hata chuo hakikupotea bure: nembo ya bendi aliichora yeye.

Albamu ya kwanza ilitoka 1973. Wimbo wake Bohemian Rhapsody ulikaa namba moja Uingereza wiki tisa kuanzia mwishoni mwa 1975. Mwaka 1985, katika tamasha la Live Aid, uwanja mzima wa Wembley uliimba naye.

Lakini umaarufu haukumwondolea upweke wa siri. Aliuficha umma ugonjwa wa Ukimwi kwa miaka kadhaa, akautangaza Novemba 23, 1991. Kesho yake alifariki, akiwa na miaka 45.

Si kila mtoto anayegonga meza kwa vijiko atakuwa Mercury. Hata hivyo, wazazi wale hawakulipia umaarufu. Walilipia masomo ya piano tu, na kijana akaendelea na shule. Tangu piano ya bweni hadi wimbo ule ilipita miaka ipatayo 20. Mzazi anayesikiliza barua ya mwalimu, akampa mtoto muda na elimu, amefanya sehemu yake. Inayobaki ni mtoto huyo, akiwa karibu au mbali, ajue kuna mtu nyumbani anayeweza kumwambia lolote.