Punda anayekohoa si mvivu

Katika barabara za Chake Chake, Wete na Mkoani kisiwani Pemba, gari za punda na za ng'ombe bado zinabeba mchanga, matofali, saruji na mazao ya shamba. Kwa mwenye gari, punda ndiyo mtaji. Hata hivyo, punda huyo anapoanza kukohoa na kusimama njiani, dawa ya kwanza anayopewa mara nyingi ni bakora.

Huko ni kuharibu mtaji. Punda, kama farasi, hupata pumu. Zamani maradhi hayo yalikuwa na majina mengi, lakini mwaka 2016 wataalamu wa mifugo wa kimataifa walipendekeza yaitwe pumu, kwa sababu yanafanana na ya binadamu: njia za hewa huvimba, hubana na kujaa makohozi.

Chanzo kikubwa ni vumbi na kuvu. Pemba ni kisiwa cha mvua nyingi, na mabua ya mpunga yakihifadhiwa kabla ya kukauka vizuri huota kuvu. Pumba kavu nazo humwingia mnyama puani kila anapokula. Banda lisilopitisha hewa, lenye harufu kali ya mkojo, huzidisha hali.

Punda mwenye pumu hukohoa anapokula au anapoanza kazi, pua hutanuka na tumbo huvuta kwa nguvu anapotoa pumzi. Mara nyingi hana homa na anaendelea kula. Ndiyo maana hudhaniwa mvivu.

Kinga yake haihitaji fedha nyingi. Pumba ziloweshwe maji na ziliwe siku hiyo hiyo. Majani yenye kuvu yatupwe. Banda lisafishwe punda akiwa nje, na alale penye hewa. Anayekohoa apumzishwe, asibebeshwe saruji.

Wanaokimbilia kununua dawa za kuua bakteria wanapoteza fedha, kwani hazitibu pumu. Aitwe daktari wa mifugo, maana kikohozi kinaweza pia kuwa cha minyoo ya mapafu au maambukizi. Kuchelewa ni hasara: mapafu yakishaharibika sana hayarudi kama zamani.

Mabwana mifugo wanaokwenda vijijini kuangalia ng'ombe na mbuzi wamtazame na punda. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Kwa punda wa pumu, anayetoa mateke ni mwenye gari.