Mwinamo wa Kona na Haraka ya Abiria

Hivi karibuni tulikodi basi kutoka Iringa kwenda maziko Morogoro. Tulipoanza kuteremka mlima Kitonga, mzee mmoja alimsihi dereva aongeze mwendo, tusije tukakuta kaburi limekwisha fukiwa. Dereva akajibu kwa upole: "Mzee wangu, kona hii haijui kwamba tunakwenda kuzika." Basi zima likanyamaza.

Gari likiwa mwendoni hutaka kwenda moja kwa moja. Ili lipinde, hapana budi pawepo nguvu ya kulivuta upande wa ndani wa kona. Penye lami tambarare, nguvu hiyo hutokana na msuguano wa matairi peke yake, nao hupungua sana mvua inyeshapo. Ndiyo sababu wahandisi huinua ukingo wa nje wa kona, ili lami yenyewe ilisukume gari ndani.

Msaada huo una kipimo chake. Tuchukue kona ambayo, lau ingekamilishwa kuwa duara, ingekuwa na nusu kipenyo cha mita 100. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mwinamo wa nyuzi 11 hivi ungetosha pasipo msuguano wowote. Mwendo ukifika 100, nguvu inayotakiwa huwa si mara mbili bali mara nne, na mwinamo ungepaswa kuwa nyuzi 38. Nani ajenge barabara kama hiyo? Lori lililokwama hapo siku ya mvua lingeporomoka kuelekea ndani. Barabara kuu kwa kawaida hazifiki hata nyuzi 6. Kinachobaki chote huachiwa matairi.

Wako wanaodhani kuwa basi lililojaa hushika lami vizuri zaidi. Sivyo. Uzito ukiongezeka, msuguano huongezeka, na nguvu ya kulipindisha basi nayo huongezeka kwa kadiri ileile. Jambo kubwa ni mahali uzito ulipo: mzigo ukiwa juu, basi laweza kupinduka kabla matairi hayajateleza.

Nasi siku ile masufuria na maturubai ya msiba yalikuwa juu ya keria, kwa agizo letu wenyewe.

Tulipofika, marehemu alikwisha zikwa. Mzee wetu alisimama kaburini akamwombea dua kwa muda mrefu. Wakati wa kurudi, tuliyapanga masufuria ndani ya buti.